Deni la Herufi Moja

Nilimwita Agesa aniandikie kibao,
si zaidi. KINU CHA POSHO, CHAVAKALI.
TUNASAGA MAHINDI, WIMBI NA MIHOGO.
Bei tukapatana mia nane:
mia sita mkononi, mia mbili kazi ikiisha.

Jumatatu akafika na brashi tatu ndani ya soksi,
akaomba kigoda, akaketi.
Akatazama.
Hadi saa sita alikuwa bado anatazama.
Nikamletea uji, akautazama nao.

“Mama Jumba,” akauliza, “wimbi lina rangi gani?”
Wimbi! Miaka ishirini na tisa nalisaga,
nalipima kwa gorogoro, nalikung'uta kwenye nywele,
nikafungua kinywa kujibu, kinywa kikabaki wazi.
Rangi ya wimbi, nikasema. Rangi yake.
Akachukua chembe chache, akazitemea mate,
akazisugua ukutani kwa kidole gumba,
akarudi nyuma hatua nne kama mtu aliyeona nyoka.

Jumanne akashuka mtoni.
Akarudi na udongo wa aina mbili ndani ya jani la mgomba
na habari za ndege mmoja ambaye mimi, mzaliwa wa hapa,
nilidhani ni kelele tu.
Jumatano akaniambia niwashe injini,
hakuna mteja, hakuna gunia, asikilize tu.
Dizeli yangu!
“Inapiga kama isukuti iliyoachwa na wenzake,” akasema.
Nikamwambia pesa yangu haikumwajiri kukaa.
Akacheka. “Jicho nalo lina tumbo, mama.
Sichori likiwa na njaa.”

Alhamisi mkanda wa mashine ukakatika.
Akina mama wakakaa juu ya magunia wakingoja,
Mideva akasimulia ya mkwe wake, mvua ikapiga mabati,
nami nikaingiza mkono kwenye mashine hadi kiwiko
nikitukana kwa Kimaragoli kisichofaa kanisani.
Hatukumwona alipoanza.

Jioni kibao kilikuwa tayari.
Herufi zimesimama vizuri, kama zimekunywa chai.
Chini yake, mkono. Mkono tu,
unga hadi kwenye kifundo,
na kidole cha shahada kimekatika nchani.

Wangu.

Nani alikuruhusu kutundika kilema changu barabarani?
Mkanda ulikila mwaka wa Elinino,
na tangu hapo nakificha ndani ya leso
hata nikisalimiana na pasta.
Agesa hakujibu. Aliosha brashi kwa mafuta ya taa.
Tena nikaona ameandika MIHOO,
G haipo mbele wala nyuma.
Nikaizuia ile mia mbili.
Akakunja soksi yake, akaenda.

Sasa watoto wa shule wakipita
huweka viganja vyao juu ya kile cha rangi, wapime.
Mzee mmoja wa Serem, asiyesoma,
aliniambia, “Nimefuata mkono.”
Nami siku hizi kabla ya kuwasha nasimama kidogo.
Mabati yana matundu ya misumari; jua huingia humo
likawa vijiti, na unga ukavipanda
kama siafu weupe.
Utando wa buibui kwenye boriti umenenepa,
unaning'inia kama shela
ya bibi arusi aliyebadili nia.
Na wimbi, sasa najua,
ni rangi ya njia ya Mudete baada ya mvua,
kabla ya gari la kwanza.

Mia mbili iko ndani ya kopo chini ya mizani.
Agesa hajarudi. Wengine wanasema yuko Majengo,
anamchorea kinyozi; wengine wanasema Eldoret.
Hapa sokoni hakuna tena anayesema mihogo.
Wanaleta “mihoo”, wanacheka,
nami naandika kwenye daftari la madeni:
mihoo, gorogoro tatu.

Akija nitamlipa. Simtafuti.
Mimi nina mia mbili yake,
yeye ana G yangu.